Yamechotwa wapi? Niliyoyapitia nikifuatilia ubora wa maji ya bomba ya mtaa wetu

Mamlaka ya maji ilisema maji yake ni salama, na karatasi ya maabara iliyotuonyesha ilikuwa ya kweli. Sisi wa mtaani tulisema maji yanayotufikia si salama, na karatasi yetu nayo, tulipoipata, ilikuwa ya kweli. Ilipita zaidi ya mwaka mpaka pande zote mbili zikakaa meza moja na kukubaliana kwamba hatukuwa tumepima maji yaleyale. Wao waliyachota kwenye tangi la mlimani, muda mfupi baada ya kuwekwa dawa. Sisi tuliyachota kwenye bomba la mwisho kabisa la laini, asubuhi ya kwanza baada ya mgao. Ukionyeshwa cheti chochote cha maji, kabla hujasoma tarakimu hata moja, uliza maji hayo yamechotwa wapi na saa ngapi.

Mimi ni mwalimu wa kemia wa sekondari na mjumbe wa kamati ya mtaa. Mji wetu sitautaja, wala mamlaka yetu. Watumishi wake ndio waliotusaidia mwishoni, na walimu wenzangu walioko mikoa mingine wananiambia hali kwao haipishani sana na ya kwetu. Naandika kwa ajili ya mwenyekiti wa mtaa, bwana afya, mama mwenye watoto au mwalimu ambaye kesho watu watamgeukia na kumwambia, "Wewe unayajua mambo haya, tusaidie."

Kwetu ilianza wakati wa masika. Maji yalikuwa ya mgao, siku chache tu kwa wiki, na yakirudi baada ya kukatika yanakuja na rangi ya udongo, mara nyingine na harufu. Tulikuwa tumeshazoea: unaacha bomba litiririke kwanza, likitakata unakinga. Mwaka ule watoto wengi wa upande wa chini wa mtaa waliharisha ndani ya majuma machache, na mmoja wao, mtoto wa jirani yangu, alilazwa. Nilikwenda kumwona wodini. Mama yake aliniuliza, "Mwalimu, ni maji?" Sikuwa na jibu la kumpa, na kukosa jibu kuliniuma kuliko nilivyotarajia, maana kila siku nasimama mbele ya darasa nikifundisha habari za maji na dawa zake.

Mkutano wa mtaa ulikuwa wa hasira. Wapo waliotaka twende redioni siku hiyohiyo, wapo waliotaka watu wagome kulipa ankara. Aliyetutuliza ni bwana afya wa kata. Alisimama akasema, "Msiandike kwamba maji yamewaumiza watoto. Hilo hamna uwezo wa kulithibitisha. Kuhara kuna njia nyingi: mikono, nzi, chakula, vyombo, kisima cha jirani. Andikeni mnachokiona kwa macho: rangi, harufu, tarehe, saa, bomba la nani. Halafu ombeni maji yapimwe." Wengi walimwona kama anaitetea serikali. Leo naamini maneno yale ndiyo yaliyofanya barua yetu isomwe. Barua inayodai maji yameua mtu au yamemfanya augue hupokelewa na mwanasheria, na inayosema bomba fulani lilitoa maji ya tope tarehe fulani saa fulani hupelekwa kwa fundi.

Vijana wa mtaa walikuwa wameshatangulia. Walichota maji kwenye chupa tupu za soda, wakazipeleka katika maabara ya ubora wa maji ya Wizara ya Maji iliyoko mkoani. Mapokezi walizikataa, na vijana wakarudi wakiamini kuna njama. Nikaenda mwenyewe kuuliza. Dada mmoja wa maabara alinikalisha na kunieleza taratibu, na kwa kuwa hakuna aliyewahi kutueleza sisi watumiaji, nitayaandika hapa kwa urefu.

Maji ya kupima bakteria huchotwa kwa chupa iliyotakaswa vijidudu na kufungwa na maabara yenyewe. Ndani yake mna chembe za sodiamu thiosalfeti. Kazi yake ni kuikata nguvu klorini, yaani dawa inayowekwa kwenye maji, mara tu maji yanapoingia, maana klorini isipozimwa itaendelea kuua bakteria njiani, na maabara itapima maji yaliyo safi kuliko yale uliyokunywa. Kwa hiyo chupa hiyo haisuuzwi. Unachagua koki isiyovuja, unavua mpira au kitambaa kilichofungwa mdomoni mwake, unaifuta kwa spiriti au unaiunguza kwa moto kama ni ya chuma, unaacha maji yatiririke dakika 2 au 3, kisha unakinga bila kugusa mdomo wa chupa wala ndani ya kifuniko, na unaacha nafasi kidogo ya hewa juu. Chupa inaingia kwenye bokisi lenye barafu. Inatakiwa ifike maabara ndani ya saa 6 ikiwezekana, na isipite saa 24. Kipimo chenyewe kinataka bakteria wakae kwenye joto kwa karibu siku nzima kabla ya kuhesabiwa, kwa hiyo peleka mapema katikati ya wiki. Ijumaa jioni hutapata wa kuhesabu.

Klorini yenyewe haipelekwi maabara kabisa. Hupotea njiani. Hupimwa palepale kwenye bomba, wakati huohuo.

Kuhusu gharama: kipimo cha bakteria pamoja na vile vya kawaida mtaa unavimudu kwa kuchanga. Vya metali nzito na viuatilifu ni ghali zaidi, na mtu mwenye hofu hushawishika kuomba vyote. Tulichanga elfu tano tano kwa kila kaya, waliojaliwa wakaongeza, na risiti zote tulizibandika kwenye ubao wa ofisi ya mtaa. Fanyeni hivyo tangu siku ya kwanza. Katika mambo yote yaliyotukia, hakuna lililotulindia amani ya mtaa kama zile risiti ubaoni.

Upime nini basi? Kama maji ni ya bomba na yanawekwa dawa, anza na vinne: E. koli, klorini iliyobaki, tope na pH, yaani kipimo cha uasidi wa maji. Kiwango cha taifa cha maji ya kunywa, TZS 789 cha Shirika la Viwango Tanzania (TBS), na kile cha Afrika Mashariki, EAS 12, vinakubaliana kwamba E. koli haitakiwi hata mmoja katika mililita 100. Bakteria huyu hukaa kwenye matumbo ya watu na wanyama, kwa hiyo akionekana ujue kinyesi kimepata njia ya kuingia. Koliformu wengine, yaani bakteria wa kundi moja na E. koli, wanaweza kuwa wametoka kwenye udongo au majani, na kuwapata peke yao ni sababu ya kuchunguza, bado si ushahidi wa kinyesi. Klorini, Shirika la Afya Duniani linataka isipungue miligramu 0.2 kwa lita pale mteja anapokinga, na ifike 0.5 au zaidi baada ya dawa kukaa na maji dakika 30 pale inapowekwa. Tope lisizidi NTU 5 (NTU ni kizio cha kupimia tope), kwa kuwa bakteria hujificha kwenye chembe za udongo na dawa huishia kupambana na udongo badala ya vimelea. pH ya maji yaliyotibiwa iwe kati ya 6.5 na 8.5, na ikipita 8 klorini hupungua nguvu.

Baada ya hapo kila mahali pana lake. Pwani ni chumvi, maana kisima kikivutwa kupita kiasi bahari huingia. Penye vyoo vya shimo vilivyobanana na visima ni naitreti. Kanda za uchimbaji dhahabu ni zebaki na arseniki. Na kama ningekuwa naishi Arusha, Meru, Hai au sehemu yoyote ya Bonde la Ufa, ningeanza na floridi kabla ya kitu kingine. Miamba ya volkano huitoa, na haionekani, hainuki, wala haina ladha ya kukutahadharisha. Viwango vyetu vya muda vya 1974 viliruhusu hadi miligramu 8 kwa lita vijijini, baadaye ikawa 4, na sasa ni 1.5 kama dunia nyingine. Kuchemsha hakusaidii. Maji yanapungua sufuriani na floridi inabaki, kwa hiyo inazidi kukolea. Wizara ina kituo chake cha utafiti Ngurdoto ambako mkaa wa mifupa ya ng'ombe hutumika kuichuja. Wazazi wa huko wanaotaka meno ya watoto wao yasalimike waulize pia magadi wanayopikia, kwani nayo huwa na floridi nyingi. Hili si la mtaa wetu, lakini nimekutana na watu wengi wanaochemsha maji kwa bidii wakidhani wamemaliza kila kitu, na sikuweza kulipita.

Nirudi kwetu. Sampuli yetu ya kwanza iliyokubaliwa na maabara ilionyesha E. koli. Tulifurahi, na furaha hiyo hata sasa naiona ngeni: watu kushangilia kwamba wanakunywa maji machafu, kwa sababu tu hatimaye wamepata karatasi. Tuliipeleka ofisi ya mamlaka. Ofisa aliyetupokea aliisoma, akauliza, "Mmechota koki ya nyumba ya nani?" Tukamwambia. "Nyumba ile ina simtanki juu. Koki ya uani inatoka kwenye simtanki. Hayo ni maji ya tangi lake. Yetu yanaishia kwenye mita."

Alisema kweli. Mamlaka inawajibika mpaka kwenye mita, na kuanzia hapo bomba, tangi na koki ni vya mteja. Tukaanza upya. Chagua koki iliyoungwa moja kwa moja na laini ya mamlaka, isiyopita kwenye tangi lolote, na kama inawezekana iwe karibu na mita. Gati la maji la mtaa au bomba la shule mara nyingi ndilo bora, kwa kuwa si la nyumba ya mtu. Chukua na sampuli ya pili, ya koki ya ndani ya nyumba hiyohiyo. Zikitofautiana, umejua tatizo liko upande gani wa mita, na umeokoa miezi ya kurushiana lawama.

Wakati huo nilikuwa nimepata kifaa kidogo cha kupimia klorini, cha plastiki, kilichokuwa kabatini mwa maabara ya shule. Unajaza mililita 10, unatia kidonge cha DPD namba 1, dawa inayogeuka waridi ikikutana na klorini, unatikisa, unalinganisha wekundu wa waridi na vipande vya rangi pembeni. Usomaji ufanyike papo hapo, ukichelewa rangi inakudanganya. Vidonge ni vya bei ndogo ukilinganisha na maabara, na mtoto wa kidato cha pili anaweza kufundishwa. Nilinunua daftari kubwa, nikachora safu: tarehe, saa, bomba, maji yalirudi lini baada ya mgao, rangi, harufu, klorini. Wanafunzi wangu wawili wanaokaa upande wa chini wa mtaa walinisaidia, kwa ruhusa ya wazazi wao.

Daftari lile ndilo lililosema zaidi ya vyeti vyote. Bomba za juu, karibu na barabara kuu, zilionyesha waridi karibu kila siku. Bomba za chini zilikuwa hazibadiliki rangi kabisa saa za kwanza baada ya mgao, kisha polepole zikaanza kupata rangi hafifu, na hazikufika 0.2 mpaka maji yawe yametoka siku nzima. Yaani mtu anayewahi kukinga alfajiri ili watoto wapate maji ya shuleni ndiye anayekinga maji mabaya kuliko wote. Hapo nililia, nikiwa peke yangu mezani. Kukinga mapema ndiyo tabia njema tunayowasifu akina mama.

Kwa nini mgao unafanya hivyo? Bomba likiwa limejaa maji yenye presha, penye ufa maji hutoka nje. Presha ikiondoka, bomba hunyonya kama mrija: maji ya mtaro, ya shimo la choo lililo jirani, ya dimbwi la mvua, yote yanapata njia ya kuingia kupitia ufa uleule. Maji yakifunguliwa tena, uchafu huo husukumwa wote mbele, pamoja na tope lililotua chini ya bomba, hadi mwisho wa laini. Klorini iliyotoka mlimani nayo imeshaliwa na uchafu wa njiani kabla haijafika. Hii ndiyo sababu chanzo kinaweza kuwa safi kabisa, mtambo ukafanya kazi vizuri, shabu na dawa vikawekwa kwa kipimo sahihi, na bado mwenye bomba la mwisho akaugua. Shirika la Afya Duniani tangu miongozo yake ya 2004 linahimiza mpango wa usalama wa maji unaofuata maji kutoka kwenye kidakio, yaani eneo maji yanakokusanyika, hadi kwa mteja, na nilipousoma niliona unaeleza mtaa wetu ulivyo.

Tuliandika barua rasmi kuomba majibu ya vipimo vya mwaka mzima pamoja na orodha ya vituo vya kuchotea sampuli. Sheria ya Haki ya Kupata Taarifa ya 2016 inampa raia haki ya kuomba, na ofisi ya umma inatakiwa kujibu ndani ya siku 30. Tuliitaja sheria kwa adabu, kwa mstari mmoja, na nakala tukapeleka kwa ofisa mtendaji wa kata na kwa bwana afya. Ukikwama, utaratibu ni kwamba unamaliza kwanza dawati la wateja la mamlaka, unaomba namba ya lalamiko, kisha unapeleka EWURA, ambayo ndiyo mdhibiti wa huduma za maji. Lipo pia Baraza la Ushauri la Watumiaji, EWURA CCC, ambalo humsaidia mlaji bila malipo kuandika lalamiko lake. EWURA hutoa kila mwaka ripoti ya utendaji wa mamlaka za maji, na humo utakuta asilimia ya sampuli zilizofaulu kwa kila mamlaka. Isomeni. Wasomaji wa Kenya wana ya kwao inayotolewa na WASREB, mdhibiti wao wa huduma za maji. Mwenyekiti akiingia kikaoni akiwa ameshaisoma ripoti hiyo, mazungumzo huanzia mahali pengine kabisa.

Kabla majibu hayajaja nilipitia kipindi kibaya. Mtu mmoja mwenye cheo aliniita mchochezi mbele ya watu. Mkuu wangu wa shule, kwa nia njema, alinishauri nipunguze. Baadhi ya majirani walianza kuuliza nalipwa na nani. Nilikosa usingizi, na mume wangu aliniambia kama ni mzigo niutue. Nisingeweza kuendelea peke yangu. Kilichonishika mkono ni kwamba barua zote zilikuwa na saini ya kamati nzima, si yangu. Yeyote atakayeanza jambo hili asikubali jina lake liwe peke yake juu ya karatasi.

Majibu yalipokuja, karibu sampuli zote zilikuwa zimefaulu. Nikaenda kwenye safu ya vituo: tangi, ofisi ya mamlaka yenyewe, hospitali, stendi, soko. Vyote viko kwenye bomba kubwa, juu ya mji. Hakuna hata kimoja cha mwisho wa laini. Sidhani kuna aliyekusudia kuficha. Gari la sampuli ni moja, mafuta ni ya kuhesabu, na mtu huchota panapofikika. Idadi nayo ilikuwa ndogo. Mwongozo wa dunia kwa mji wa kati ya watu 5,000 na 100,000 ni sampuli moja ya bakteria kila mwezi kwa kila watu 5,000, kwa hiyo mji wa watu 80,000 unahitaji 16 kwa mwezi, na zigawanywe mtandao mzima, pamoja na miisho.

Tulikwenda kikaoni na daftari. Tuliacha hasira nje, kwa makubaliano. Mkemia wa mamlaka, dada kijana, aliomba kulishika. Alilisoma kurasa nyingi huku meneja wake akiendelea kuzungumza, kisha akauliza kama anaweza kuja mtaani alfajiri maji yatakapofunguliwa tena. Alikuja kabla ya jua, na kifaa chake mwenyewe, bora kuliko changu. Alipima kwenye gati la chini: sifuri. Akabadilisha kidonge, akapima tena: sifuri. Tangu siku ile hatukubishana tena kuhusu ukweli, tulibaki kubishana kuhusu fedha na muda.

Tukakubaliana sampuli ya pamoja, na hili nalisisitiza kwa kila anayeniuliza. Zinachotwa chupa tatu, dakika ileile, koki ileile: moja ya mamlaka, moja ya mtaa, moja inapelekwa maabara ambayo pande zote mbili zimeikubali. Fomu inaandikwa saa, mahali, klorini ya papo hapo, na inasainiwa na wote waliokuwepo. Majibu yoyote yatakayotoka hakuna wa kuyakana. Tangi la mlimani lilikuwa na klorini 0.8 na hakuna E. koli. Gati la chini halikuwa na klorini kabisa, na E. koli walikuwepo.

Kutafuta mahali penyewe kulikuwa rahisi kuliko nilivyodhani. Mkemia na fundi bomba walipanda laini koki kwa koki, wakipima klorini tu. Nyuma ya soko ilishuka ghafla kati ya nyumba mbili zisizoachana sana. Hapo bomba la zamani linakatiza mtaro. Walipochimba walikuta kiungo kimeachia na kimezama kwenye maji ya mtaro. Wananchi waliokuwa wamesimama pale walipiga kelele, na fundi mzee akasema kwa huzuni kwamba amepita juu ya mtaro ule miaka mingi.

Walibadilisha kipande kile, wakaosha laini, wakaweka dawa ya nguvu na kuiacha ikae kabla ya kuifungulia. Majuma yale mtaa ulitangaziwa kuchemsha maji yote ya kunywa mpaka yatokote sawasawa, na asiye na kuni wala mkaa atumie WaterGuard: kidonge kimoja kwa ndoo ya lita 20, maji ya tope yachujwe kwanza kwa kitambaa safi, na usubiri dakika 30. Tulipita nyumba kwa nyumba, kwa kuwa tangazo la kipaza sauti haliwafikii waliokwenda kazini. Msijitangazie ushindi kwa sampuli moja safi. Tulisubiri zifuatane safi kwa miezi, zikiwemo za masika yaliyofuata.

Kisha ikaja zamu ya matangi yetu. Gati lilipokuwa safi, nilipima koki za ndani za nyumba kadhaa, yangu ikiwemo, na nyingi hazikuwa na klorini, nyingine zikawa na E. koli. Simtanki isiyo na kifuniko kizuri, yenye matope chini, iliyokaa juani siku nzima, hupoteza dawa yote. Jambo hili liliwaudhi baadhi ya watu kuliko lile la mamlaka. Tulipanga jumamosi moja kila baada ya miezi michache: kumwaga, kusugua, kusuuza kwa maji ya dawa, kufunika na kuziba njia ya mijusi na panya. Wenye nyumba za kupangisha ndio wagumu. Mpangaji anaogopa kudai, na hapo sijapata njia nzuri zaidi ya kumtuma mjumbe wa shina azungumze na mwenye nyumba kwa niaba ya wote.

Leo vituo viwili vya mwisho wa laini yetu vimeingia kwenye orodha ya mamlaka ya kila mwezi, na majibu hubandikwa kwenye ubao wa ofisi ya mtaa. Mgao bado upo. Tuliomba iwekwe valvu ya kuoshea mwishoni mwa laini, ili maji ya kwanza baada ya mgao yamwagwe na mamlaka badala ya kukingwa na watu. Tumejibiwa kwamba imeingizwa kwenye makisio ya bajeti ijayo. Mwaka wa fedha unaanza Julai, na kamati imeshaandika barua ya kuuliza kama fungu lake limepita. Mpaka valvu hiyo iwekwe, wanafunzi wangu wanapima gati la chini kila maji yanaporudi, na kidonge kisipogeuka rangi wanaandika kwa chaki kwenye ukuta wa gati: yachemshwe.